Tairi la mbele ni la mwaka 2011 na la nyuma si saizi yake: nibadilishe lipi?

Mwendesha Pole (swali)

Ndugu wasomaji, salamu. Nimenunua pikipiki iliyotumika, ambayo mwenyewe aliihifadhi ndani kwa miaka kadhaa bila kuiendesha. Injini ni nzima na breki zinashika vizuri, lakini matairi yananitia wasiwasi. La mbele limeandikwa 110/70-17 54H, saizi ileile inayotajwa katika kitabu cha pikipiki, na mifereji yake bado ina kina kirefu kana kwamba lilifungwa majuzi. Hata hivyo, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu 0911, na nikilibonyeza kwa kidole gumba naona nyufa nyembamba ndani ya mifereji. La nyuma ni 150/60R17 66H lenye tarakimu 2319, ilhali kitabu kinataka 140/70-17 66H.

Ninapoingia kwenye kona pikipiki hukataa kulala mwanzoni, kisha hulala ghafla, na mvua ikinyesha gurudumu la mbele huteleza kidogo kila ninapopita juu ya michoro ya rangi ya barabarani. Fundi aliyeitazama ameniambia kwamba tairi la mbele lina mifereji ya kutosha na halina sababu ya kuondolewa. Je, nimsikilize? Na nikiamua kubadilisha, nianze na lipi?

Fundi wa Magurudumu

Ndugu Mwendesha Pole, badilisha yote mawili, na usiiendeshe pikipiki hiyo kwa kasi kabla hujafanya hivyo.

Tarakimu 0911 zina maana kwamba tairi lilitengenezwa katika wiki ya 9 ya mwaka 2011. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri kwamba tairi likishafikisha miaka 5 likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama kwa macho linaonekana jipya. Kina cha mifereji hukueleza ni kiasi gani cha mpira kilichobaki, lakini hakikuelezi mpira huo uko katika hali gani. Hewa, jua na joto huukausha na kuufanya mgumu, na mpira mgumu haushiki lami, hasa ikiwa imelowa, ndiyo maana unateleza kwenye rangi. Kukaa ndani bila kuendeshwa hakukulisaidia tairi hilo, kwa sababu nta ya kinga inayochanganywa katika mpira hujitokeza juu kwa wingi tairi linapojikunja na kujikunjua likiwa katika mwendo. Kwa hiyo nyufa ulizoziona si za kupuuzwa, na kwa heshima zote fundi mwenzangu ametazama jambo moja akaacha lingine.

Sasa tulitazame la nyuma, ambalo kwa maoni yangu ndilo chanzo cha tabia mbaya ya pikipiki kwenye kona. Katika 140/70, namba ya kwanza ni upana kwa milimita na ya pili ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu. Tairi linalotakiwa lina ubavu wa milimita 98, na hilo ulilonalo lina ubavu wa milimita 90. Maana yake ni kwamba pikipiki imeshuka milimita 8 nyuma, uma wa mbele umelala zaidi kuliko alivyokusudia aliyeiunda, na usukani umekuwa mzito kugeuka. Ikiwa kipimo cha mwendo kinahesabu mizunguko ya gurudumu la nyuma au ya giaboksi, kasi unayoisoma pia ni kubwa kuliko kasi ya kweli, kwa kama asilimia 2.6.

Kuna tofauti nyingine kubwa zaidi. Herufi R katika 150/60R17 inaonyesha kwamba tairi hilo ni la radiali, yaani nyuzi zake za ndani hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, wakati lile lenye kistari mahali pa R lina nyuzi zilizopandana mshazari. Mbavu za radiali hulegea zaidi, na za mshazari hukaza. Ukiyafunga pamoja, mbele na nyuma hujibu kwa namna tofauti pikipiki inapolala au inapopita kwenye shimo. Zipo pikipiki zilizoidhinishwa na watengenezaji wake kutumia mshazari mbele na radiali nyuma, lakini idhini hiyo iwe imeandikwa. Kinyume chake, yaani radiali mbele na mshazari nyuma, usikubali kufungiwa.

Mzee wa Spoki

Ninaunga mkono aliyosema fundi, na ninaongeza yaliyonipata. Nilibadilisha tairi la mbele peke yake nikidhani ninaokoa fedha, kwa kuwa la nyuma lilikuwa bado halijalika hadi kwenye alama za ukomo zilizo ndani ya mifereji. Sikutambua kwamba safari ndefu za njia zilizonyooka zilikuwa zimelila katikati hadi likawa bapa, likabaki na kingo pande zote mbili. Baada ya kufunga jipya, mbele pikipiki ilitaka kulala kwa wepesi na nyuma ikagoma mpaka ivuke ile kingo, na ilipovuka ilianguka upande kwa ghafla ileile anayoieleza ndugu yetu. Niliishi na hofu hiyo kwa wiki nyingi bila sababu. Litazame la kwako kwa nyuma, ukiwa umechuchumaa: je, bado ni la mviringo?

Mwendesha Pole

Nawashukuru sana. Nimechuchumaa na nimeliona: katikati limelika likawa bapa kabisa, na kwenye mabega mpira haujaguswa. Nimeamua kuyaondoa yote mawili na kurudi kwenye saizi za kitabu. Je, nimwambie nini fundi atakayeyafunga, na je, naweza kuchukua yenye herufi tofauti na H ikiwa saizi ni ileile?

Fundi wa Magurudumu

Kuhusu herufi, kanuni ninayoifuata ni kwamba unaweza kupanda lakini usishuke. H ni kasi ya hadi kilomita 210 kwa saa, na namba inayoitangulia ni ya uzito: 54 ni kilo 212 na 66 ni kilo 300. Watu wengi husema kwamba hawafiki kasi hiyo kamwe, lakini usisahau ile namba ya uzito, kwani anayebeba abiria na mzigo huigusa kila siku. Chagua jozi ya mtengenezaji mmoja na ya aina moja, kwa sababu hupimwa zikiwa pamoja, na usome tarakimu za tarehe kabla hujalipa, maana tairi huzeeka hata likiwa kwenye rafu.

Siku ya kufunga, kaa karibu uangalie mshale ulio ubavuni uelekee upande linakozunguka gurudumu. Ikiwa rimu zako hazina spoki wala hazitumii tyubu, omba valvu mpya zifungwe, kwa kuwa mpira wa valvu nao huzeeka. Mzee wa Spoki na wenzake wanaotumia tyubu waweke tyubu mpya kila wanapoweka tairi jipya, kwani ya zamani imeshatanuka na ikikunjamana ndani hupasuka kwenye kunyanzi. Kisha magurudumu yote mawili yasawazishwe uzito.

Upepo ujazwe kwa kiwango cha kitabu na upimwe tairi likiwa baridi, kabla ya safari, kwa sababu likishapata joto kipimo hupanda na kukudanganya. Upime tena kesho yake, ili ujue kama ukingo umekaa vizuri kwenye rimu au unavuja.

Jambo ninalokuomba ulizingatie zaidi ni kilomita 160 za mwanzo. Ngozi ya tairi jipya ni laini na huteleza, nawe mwenyewe utakuwa umezoea pikipiki iliyokuwa ngumu kugeuka, kwa hiyo itakapolala kwa wepesi unaweza kushtuka ukakamata breki katikati ya kona. Ongeza mlalo kidogo kidogo, shika breki kwa upole, na kama mvua inanyesha siku hiyo, ahirisha.

Mwendesha Pole

Nimeelewa. Nimeagiza jozi yenye saizi za kitabu, na nimeomba nisomewe tarakimu za tarehe kabla hazijatumwa. Mpaka zifike, pikipiki itabaki imesimama.