Tupeane uzoefu: Wageni wa harusi wamefikia Sinza, Dar, uliwatembeza wapi?

Mwanzisha mada:
Wakuu, habari za jioni. Msimu wa harusi ndio huu. Kila kamati mtu wa mapokezi anapewa kazi ya kutafuta gesti na kupokea watu Mbezi, stendi ya Magufuli, basi. Kinachofuata hakimo kwenye bajeti. Wageni wamefika Alhamisi, shughuli ni Jumamosi usiku, Ijumaa nzima wako gesti wanabadilisha chaneli na kuulizana bahari iko upande gani. Sisi wa Sinza, Kijitonyama na Mwenge haya tunayajua, maana gesti na kumbi zimejaa huku kwetu.

Mdogo wangu anaoa, upande wa bibi harusi wanatoka Bukoba na wengine Dodoma, wazee kwa vijana. Naomba mliowahi kutembeza wageni mseme mlipowapeleka na walipokeaje. Mlimani City msinitajie, wataiona wenyewe wakienda kutoa hela.

Jirani wa Makumbusho:
Watu wa Bukoba na Dodoma? Usihangaike, anza na Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Kipo tangu miaka ya 1960 na sisi majirani tunakipita kila siku ndani ya daladala bila kugeuza shingo. Ndani kuna nyumba za asili za makabila, na siyo za kuangalia kwa mbali, unaingia.

Harusi ya kaka yangu niliwapeleka wazee, mmoja wao baba mkubwa wa shemeji, Mhaya. Njia nzima analalamika jua. Alipofika kwenye msonge akanyamaza. Akashika nyasi za mlangoni, akazivuta kidogo kuona zimefungwaje, akainama, akaingia. Alipotoka akaanza kumweleza kijana aliyekuwa anatutembeza: mgeni anakaa wapi, mifugo inalala wapi, nyasi za kutandika chini zinabadilishwa lini. Yule kijana akatoa daftari akaandika. Sisi tukawa wanafunzi, mzee ndiye mwalimu, na jioni ukumbini alikuwa mtu mwingine kabisa, anasalimia hadi meza za upande wa pili.

Watu wako wa Dodoma watakuta tembe, paa bapa la udongo. Waache wabishane na Wahaya ipi ni nyumba na ipi ni banda, utani ukikolea hapo MC wenu atakuwa na kazi nyepesi. Wikiendi mchana huwa na ngoma. Beba vitambulisho, raia wana kiingilio chao na ni nafuu.

Mama Mapacha:
Makumbusho sawa, lakini mtu wa bara amekuja Dar kuona maji. Wapeleke Feri, na msipande gari. Mwendokasi kituo cha Shekilango, mnashuka Kivukoni mwisho kabisa, hakuna kubadilisha. Kwa wazee tu hiyo safari ni matembezi tosha, wanakaa dirishani wanaiona Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, mpaka mjini kwenye maghorofa. Ila mtoke baada ya saa tatu, kabla ya hapo mtabanwa na waenda kazini.

Sokoni Feri ukiwahi unakuta mnada wa samaki bado wa moto. Wakwe zangu ni watu wa Mwanza, wamekuja na majivuno yao ya sato na sangara. Wakakutana na jodari mrefu kumzidi mtoto wa darasa la kwanza, kolekole, ngisi, pweza kamwagwa mezani anang'aa. Baba mkwe akauliza bei ya kila kitu na hakununua kitu. Mama mkwe ndiye aliyechagua changu, akasimama juu ya kichwa cha kijana wa kuparua akimwelekeza: "Hapa bado, na hapa." Magamba yakamrukia hadi kwenye kilemba, hana habari. Mkishanunua mnapeleka kwa wakaangaji wenye makarai makubwa pale pale, mnalipia kukaanga, mnakula na ndimu na chumvi.

Mkimaliza vukeni na pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Dakika chache tu, lakini kuna mtu kijijini atasimulia mwaka mzima kwamba amesafiri baharini. Ushauri wa bure: msiende na nguo za send-off. Harufu ya Feri haijui pafyumu.

Kijiweni Boy:
Umesahau Coco Beach wewe. Mihogo!

Mama Mapacha:
Sijasahau, nakuachia wewe, mimi sili mchanga.

Kijiweni Boy:
Hahaha. Wakuu, Coco ni ya vijana, wazee waacheni gesti. Nenda Ijumaa saa kumi na moja, upepo umeshapoa. Muhogo unakaangwa, unapasuliwa katikati, unashindiliwa kachumbari na pilipili ya kwelikweli, pembeni mishikaki, ukwaju wa baridi. Binamu zetu kutoka Nairobi walianza kwa kutucheka kwamba tumewatoa mbali kote kuja kula muhogo, mwisho wao ndio walioagiza tena. Jumapili jioni usithubutu. Jiji zima linahamia pale, na kurudi Sinza utasota kwenye foleni mpaka vunja kamati iishe.

Mlimani Zamani:
Kuna sehemu ya bure hakuna anayeitaja: Chuo Kikuu, pale mlimani. Kutoka Mwenge ni pua na mdomo. Kama umebaki na ile noti ya mia tano iliyoondolewa kwenye matumizi 2025, mpe mgeni, mwambie aangalie nyuma, kisha msimamishe mbele ya Ukumbi wa Nkrumah. Mjomba wangu wa Songea aliinua noti juu usawa wa macho, akafumba jicho moja, akalinganisha paa na paa. Picha hiyo ndiyo aliyoitundika sebuleni, ya maharusi iko kwenye albamu. Kivuli kipo, wazee wanapata pa kukaa. Angalizo ni ngedere, wale hawana aibu. Ukishika ndizi mkononi, hiyo siyo yako tena.

Wifi Mkubwa:
Mimi naongezea vinyago vya Mwenge kwa wageni wanaotoka nje. Wifi yetu aliolewa na Mjerumani, wakwe walikuja, wakashinda pale wakiangalia mafundi wakichonga, hata kununua walisahau. Lakini nendeni na mtu anayejua mti. Tuliuziwa kinyago cha "mpingo", kufika nyumbani kukifuta vumbi kitambaa kikatoka cheusi, kumbe kimepakwa rangi ya viatu. Mpingo wenyewe ni mzito na ukiutia majini unazama. Angalia chini ya kinyago au mahali palipokwaruzika: weusi wa kweli uko ndani, siyo juu tu.

Konda Mstaafu:
Usiku je? Mnajifanya wote ni watu wa makumbusho. Sinza bila nyama choma ni Sinza gani?

Mwanzisha mada:
Nyama ipo, shida yangu ukoo umechanganyika. Kuna masheikh na kuna wapenzi wa kitimoto, nyama ya nguruwe.

Konda Mstaafu:
Hapo gawa makundi mapema bila kutangaza. Kwetu mtu mmoja alijifanya mwema akawapeleka wote baa moja eti "kuku pia wapo". Jiko moja, wavu mmoja! Shangazi zetu wa Tanga walikunywa soda wakaondoka na njaa, na maneno yakafika mpaka kwa bibi harusi. Waislamu watafutie kwa mama wa chapati na supu mtaani kwako, hawatadai zaidi. Na kama una mgeni yeyote kutoka Kongo mpitishe Sinza kwa Remmy, umwambie kituo hicho kina jina la Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyekuja kuwa mwanamuziki wa kwetu. Mgeni wetu wa Bukavu alishuka kwenye bajaji akapiga picha kibao cha duka, maana kingine cha kupiga hakikuwepo.

Wifi Mkubwa:
Na Kariakoo jamani, wanawake watataka Kariakoo hata ukiwafungia. Wapeleke Ijumaa asubuhi, Mtaa wa Uhuru kwa kanga na vitenge, simu ziwe ndani ya nguo. Jumamosi marufuku. Siku ya harusi kwetu watu walikwenda "mara moja tu" wakarudi saluni zimeshajaa, wakaingia ukumbini na vilemba.

Mwanzisha mada:
Mmenifungua macho. Ijumaa asubuhi wazee Makumbusho halafu Mlimani, akina mama Kariakoo na Wifi mmoja mkali wa kuwasimamia, jioni vijana Coco. Feri naiweka Jumapili, maana watakaobaki hawana haraka tena. Jumamosi hatoki mtu. Je, Coaster ya kutwa niilipeje?

Konda Mstaafu:
Nusu asubuhi, nusu mkirudi, na mafuta mkubaliane kabla gari halijawashwa. Dereva ukimlipa yote asubuhi, saa saba simu yake haipatikani. Usisahau chakula chake.