Matendo 15: mbona Yakobo akimbilie hema la Daudi?

MamaNgamiani: Wapendwa, jana jumuiya yetu hapa Ngamiani, Tanga, tulivutana hadi chai ikapoa. Katika Matendo 15, hoja ya mitume kule Yerusalemu ilikuwa tohara: je, Mataifa, yaani wasio Wayahudi, wakiamini ni lazima watahiriwe? Mbona Yakobo, kiongozi wa kanisa la pale, anajibu kwa unabii wa Amosi 9, kwamba Mungu atalisimamisha tena hema la Daudi lililoanguka, yaani ufalme wa Daudi?

Mzee_wa_Pangani: Angalia mpangilio, mwanangu. Hema linasimamishwa kwanza, ndipo Mataifa wamtafute Bwana. Israeli ikirejeshwa, nao wanaingia, tena wakiwa Mataifa vilevile, bila kutahiriwa. Wanaagizwa tu wajiepushe na unajisi wa sanamu, uasherati, nyama zilizosongolewa na damu.

Chumbageni_kwetu: Na Warumi 11: mzeituni mwitu, yaani Mataifa, unapandikizwa kwenye mzeituni wa Israeli, shina ni lilelile. Wanaohubiri kwamba kanisa limeirithi nafasi ya Israeli sura hii huwa wanairuka!

MamaNgamiani: Shikamoo mzee, ahsante. Damu nayo? Basi jirani yangu Mchaga na kisusio chake, ile supu ya damu, leo atanisikia.