Mpenzi hataki kondomu tena, anasema ametahiriwa. Naombeni ushauri

Binti_Makambako
Habari zenu wadau. Nina miaka 24, nauza chakula hapa Makambako. Mpenzi wangu ni dereva wa malori njia ya Tunduma, mwanzoni kondomu tulikuwa tunatumia bila shida ila siku hizi anasema tushazoeana, eti pipi hailiwi na ganda lake, halafu yeye alishafanyiwa tohara kwa hiyo hana hatari. Nikisisitiza ananuna, anauliza kwani una mwingine? Nikimwambia twende wote tukapime anajibu kapime wewe, majibu yako ndo yangu. Kodi ya chumba analipa yeye so naogopa kukaza sana. Hivi tohara inazuia VVU (virusi vya UKIMWI) kweli?

Kaka_Nyanda
Mdogo wangu, tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60. Inapunguza, haizuii, na anayelindwa hapo ni yeye, sio wewe. Huku kwetu kampeni za tohara zimepita sana na wengi wakaondoka wanajua wamemaliza kazi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha mkoa wetu wa Njombe tunaongoza nchi nzima, asilimia 12.7 ya watu wazima wana maambukizi ya VVU wakati taifa zima ni 4.4, kwa hiyo usimwonee aibu, kaza. Na hilo la majibu yako ndo yake ni uongo mtupu, wapo wapenzi kibao mmoja ana virusi mwenzake hana.

MamaWawili
Wanaosema kaza tu hawajawahi kulipiwa kodi. Hapo ndo penye tatizo lenyewe, mtu akishika chumba chako anaona na kitanda ni chake. Dada ulizia PrEP, ni vidonge unameza mwenyewe kabla ya hatari ili usiambukizwe, hauhitaji ruhusa yake. Ila havizuii mimba wala kaswende wala kisonono, kondomu usiiache. Na hiyo kodi anza kuitafutia njia hata kwa kikoba, taratibu tu.

Dereva_Mstaafu
Nimeendesha miaka mingi. Wengi wetu tulikuwa tunaogopa majibu kuliko ugonjwa wenyewe. Usimwambie mkiwa kitandani, ongea naye ametulia, ameshakula, mwambie unataka mpime WOTE mjue pa kuanzia. Kuna na vipimo vya kujipima mwenyewe kwa majimaji ya kwenye fizi, vinaweza kumsaidia kama anaogopa kuonekana kituoni, kikionyesha anavyo lazima aende kuthibitisha.

Mhudumu_CTC
Niongezee. Kama mmeshafanya bila kinga hivi karibuni wahi kituo ndani ya saa 72, kuna dawa za PEP, za kuzuia maambukizi baada ya hatari, unameza siku 28, na mapema ndo bora zaidi, usisubiri siku ya tatu. Kipimo cha leo hakionyeshi maambukizi ya juzi, rudia baada ya miezi 3. Kondomu msipake mafuta ya mgando wala ya kupikia, mpira unapasuka, tumieni vilainishi vya maji. Na hata akikutwa anavyo, akimeza ARV (dawa za kufubaza virusi) vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo na vikabaki hivyo, hakuambukizi kwa ngono. Mwambie na hilo, hofu itapungua.

Binti_Makambako
Asanteni sana jamani. Mara ya mwisho ilikuwa juzi usiku, bila. Naanza na PrEP au hiyo ya saa 72?

Mhudumu_CTC
Ya saa 72, nenda LEO dada. Watakupima kwanza, ukimaliza siku 28 ukapimwa tena ndo mnaongelea PrEP.