Bei zikishuka watu wanapenda uhuru zaidi? Naomba ushauri kuhusu dodoso langu (Jinja na Busia)

Mwana_Walukuba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Jinja, Uganda, nasoma shahada ya pili, na nimekwama. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Tasnifu yangu inahusu tunu za watu: wanathamini nini nchi yao ifanye. Nimetumia swali la Ronald Inglehart, Mmarekani aliyeandika mwaka 1971 kwamba Ulaya Magharibi kuna kizazi kilichokulia kwenye shibe, na ndiyo maana kinajali sauti na uhuru kuliko mkate. Swali ni fupi. Unamsomea mtu malengo manne ya nchi, anachagua la kwanza na la pili: kudumisha utulivu nchini, kuwapa wananchi sauti zaidi katika maamuzi ya serikali, kupambana na kupanda kwa bei, kulinda uhuru wa kusema. Akichagua utulivu na bei, ni mtu wa mali. Akichagua sauti na uhuru, amevuka mali. Moja huku na moja kule, mchanganyiko.

Duru ya kwanza ilifanywa na mradi uliokuwepo kabla yangu, Oktoba 2022, mwezi ambao mfumuko wa bei Uganda ulifika asilimia 10.7. Mnakumbuka hali ya petroli na sabuni ya mche mwaka ule. Duru ya pili nimeifanya mimi Oktoba 2024, mfumuko ukiwa karibu asilimia 3. Maeneo ni yale yale, mtaa wa Walukuba hapa Jinja na masoko ya Busia upande wetu. Waliochagua bei wamepungua sana, na "waliovuka mali" wamejaa. Msimamizi wangu amefurahi mno. Anataka sura ya nne ifunguliwe kwa kusema tunu za wananchi wa mashariki zimebadilika.

Ninayemkumbuka usiku ni mama mmoja wa Busia, muuza mukene, wale dagaa wetu. Nilimsomea yale manne, akaendelea kupepeta, kisha akauliza, "Na kazi je? Kazi haimo?" Nikamwambia mama, ni haya manne tu. Akaacha kupepeta. "Mwanangu amemaliza chuo, mwaka wa pili huu anaendesha boda ya mwenyewe mwingine. Wewe karatasi yako haina kazi?" Nikarudia kusoma. "Haya, andika hiyo ya kusema. Na ile ya sauti. Labda wakitusikia watatupa kazi."

Nikaweka tiki mbili. Kwa hesabu zangu yule mama amevuka mali, na siku ile alikuwa hajapata hata hela ya ushuru wa meza.

Niandike anavyotaka msimamizi au nifanyeje? Zimebaki wiki sita, na ada sijamaliza. Nawasilisha.

Kijiti_cha_Malaba

Mkuu, andika anachotaka, chukua cheti, nenda zako. Tasnifu husomwa na watu watatu na panya wa maktaba.

Hesabu_Tupu

Usimsikilize Kijiti. Huyo mama wa mukene ndiye tasnifu yako.

Chukua karatasi tuhesabu. Malengo manne, unachagua mawili, jozi ziko sita bila kujali lipi limetangulia. Jozi moja tu inakupa mtu wa mali, moja inakupa aliyevuka mali, nne zinakupa mchanganyiko. Sasa bei zitulie, mtu aliache lile la bei. Yamebaki matatu: utulivu, sauti, uhuru. Jozi ni tatu: utulivu na sauti, utulivu na uhuru, sauti na uhuru. Umeiona ya mtu wa mali? Haipo. Akishaliacha la bei hawezi tena kuandikwa mtu wa mali hata akizimia kwa njaa mbele yako. Na akichagua kwa kufumba macho, ana nafasi moja kati ya tatu ya kuitwa aliyevuka mali. Kabla ya hapo ilikuwa moja kati ya sita. Yaani umeongeza wapenda uhuru mara mbili na hakuna aliyebadilika moyo.

Hili si geni. Mwaka 1991 Harold Clarke na Nitish Dutt waliwaonyesha watu wa Ulaya jambo hilo hilo: ukosefu wa ajira ulikuwa mkubwa, mfumuko umeshuka, na swali lilikuwa na mlango wa bei tu, halina mlango wa kazi. Mwenye shida ya kazi akasukumwa kwenye sauti na uhuru. Mwaka 1999 Clarke na wenzake wakalifanyia jaribio Kanada na Ujerumani. Baadhi ya wahojiwa walipewa swali la kawaida, wengine wakatolewa sentensi ya bei na kuwekewa ya ajira. Mgawanyo wa watu wa mali na waliovuka mali ukabadilika sana kwa kubadilisha sentensi hiyo moja.

Mama yako hajasoma jarida lolote, na kosa ameliona kwa dakika moja.

Mama_Sumayya

Mdogo wangu, mimi nimefanya udadisi wa nyumba kwa nyumba miaka mingi, Iganga, Tororo, mpaka Arua. Hesabu amekupa ya hesabu, mimi nakupa ya miguuni.

Kwanza, ulihoji kwa lugha gani? Kama ni Kiswahili, ile "utulivu" uliiandikaje? Nimeona dodoso limeandika "kudumisha usalama". Hapa kwetu ukisema usalama, mtu hafikirii kulala salama, anafikiria watu wa usalama, wale wa gari lisilo na namba. Na Kiswahili chenyewe hapa kilikuwa lugha ya kambi za jeshi kwa muda mrefu. Katiba imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, ndiyo, lakini mzee wa Buganda bado anakisikia kwa masikio ya enzi za Amin. Walukuba hakuna shida, kule ni mji wa viwanda, watu wamezaliwa nacho. Ila usichanganye majibu ya Kiswahili na ya Kisoga au Kisamia kwenye jedwali moja kana kwamba ni swali lile lile.

Pili, mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, alikuwa wapi? Najua lazima uripoti kwake. Shida anakusindikiza, anaburuta kiti, anakaa. Nani atachagua "uhuru wa kusema" mwenyekiti akimtazama mdomoni? Kama duru ya kwanza wenyeviti walikaa na ya pili hawakukaa, umepata "mabadiliko ya tunu" kwa sababu ya kiti kimoja cha plastiki.

Tatu, ulisoma yale manne kwa mpangilio ule ule kila mara? Asiyeshika karatasi mkononi hukumbuka la mwisho alilosikia. Na la mwisho kwako ni uhuru wa kusema. Haya.

Afrobarometer, wale watafiti wa maoni ya wananchi Afrika, ambao wamekuwa wakihoji Uganda tangu 2000, mwishoni humwuliza mhojiwa anadhani nani amewatuma. Wengi hutaja serikali hata ukishajitambulisha mara tatu. Wewe uliuliza?

Mwana_Walukuba

Shikamoo dada. Sikuuliza. Mpangilio ulikuwa ule ule. Mwenyekiti alikaa nami Busia siku mbili za kwanza, nikamnunulia soda akaondoka. Duru ya kwanza sijui, madaftari hayasemi.

Mzee_wa_Bombo

Vijana, mimi nasema la utulivu. Mtu wa Luweero aliyekimbia vita ya 1981 mpaka 1986, au mtu wa Gulu aliyelala kambi ya wakimbizi miaka ya vita vya Kony, akisema "utulivu" hasemi mali. Anasema watoto wake walale ndani. Waganda wanaita emirembe, na ndani ya neno hilo uhuru upo. Huyo Mmarekani ameliweka fungu moja na bei ya sukari kwa sababu alikuwa akihesabu watu wa Ulaya.

Halafu mkumbuke Aprili 2011. Besigye wa upinzani na wenzake walitembea kwenda kazini kwa miguu. Kisa? Bei za mafuta na chakula. Walichopata? Mabomu ya machozi. Kufika Oktoba mfumuko ulizidi asilimia 30. Sasa yule aliyekuwa barabarani siku ile angejibu nini kwenye karatasi yako? Bei au sauti? Alikuwa anadai sauti ili aseme bei. Ninyi mnamwambia achague mguu wa kushoto au wa kulia.

Kijiti_cha_Malaba

Mzee umeua. Nafuta kauli. Nusu.

Kandanda_na_Takwimu

Naomba nimtetee marehemu kidogo, maana uzi unamzika upya. Inglehart hakukataa kwamba mfumuko unayumbisha majibu. Alisema una athari ya muda, na chini yake kuna pengo la vizazi linalodumu: waliokulia kwenye dhiki hubaki na tunu za dhiki hata wakishiba uzeeni. Pia alitengeneza orodha ndefu ya malengo kumi na mawili, ambayo bei haina nguvu kiasi hicho ndani yake. Tatizo la mleta mada ni kutumia ile fupi.

Basi mjaribu kwa kigezo chake mwenyewe. Gawa watu wako kwa miaka ya kuzaliwa. Kama tunu zimebadilika kwa kizazi, vijana watakuwa mbele ya wazee katika duru zote mbili, na wazee watakuwa wamesimama palepale. Kama vijana na wazee wamehama pamoja hatua ile ile ndani ya miaka miwili, hicho si kizazi. Mzee wa miaka sabini haleleki upya kati ya Oktoba na Oktoba.

Mwana_Walukuba

Nimefanya usiku huu, umeme ulikatika mara mbili. Wamehama wote. Waliozaliwa kabla ya 1960 wamehama sawa na wa chuo. Pengo kati yao na vijana lipo, dogo, na halijasogea.

Hesabu_Tupu

Umepata sura ya nne. Ila usije ukaandika "mfumuko ndio uliosababisha". Una nyakati mbili tu, na kati ya Oktoba hizo mbili yamebadilika mengi: bei, mdadisi, mwenyekiti, soda. Nukta mbili unaweza kuzipitishia mstari wowote.

Unachoweza kufanya kwa wiki sita: rudi na dodoso fupi la aina mbili. Karatasi A ina "kupambana na kupanda kwa bei". Karatasi B mahali pale pale ina "kuongeza nafasi za kazi". Rusha sarafu kwa kila mhojiwa, usichague kwa uso. Mdadisi yule yule, wiki ile ile, soko lile lile. Hapo tofauti ikitokea, hakuna Oktoba ya kusingizia. Zungusha na mpangilio wa malengo.

Mama_Sumayya

Na kabla hujasoma yale manne, uliza kwanza swali la wazi: "Shida kubwa ya nchi hii serikali ishughulikie ipi?" Acha mtu aseme mwenyewe, andika neno lake kama lilivyo. Ukimaliza kusoma orodha yako, umeshamlisha maneno.

Wengine hugawa maharage kumi, mtu aweke mengi kwenye picha anayoipenda. Ni nzuri kwa asiyesoma, na inakuonyesha kama amependa kidogo au sana. Mimi nilipojaribu Tororo bibi mmoja aliweka mawili kwenye picha, manane akayafunga kwenye kanga. Nikaandika "hakujibu".

Kijiti_cha_Malaba

Bibi alijibu. Mtu wa mali huyo.

Mwana_Walukuba (siku kumi na sita baadaye)

Wakuu, nimerudi. Sitoi takwimu hapa kwa sababu msimamizi hajaziona zote, lakini wa karatasi B waliochagua kazi ni wengi kupita waliochagua bei kwenye A, na "waliovuka mali" kwenye B wamesinyaa. Kwenye swali la wazi kazi ilitajwa mpaka nikachoka kuiandika.

Msimamizi nilimwendea na ile hesabu ya jozi tatu kwenye kipande cha karatasi. Alikaa kimya, akauliza nani kanifundisha. Nikasema muuza mukene. Amekubali sura ibadilike, sharti niache kichwa cha habari cha zamani kwenye utangulizi kama "dhana ya awali". Nimekubali, sina nguvu ya kugombana na mwenye kalamu nyekundu.

Mama mwenyewe nilimkuta meza ile ile. Sarafu ikampa karatasi A, ile isiyo na kazi. Nikasoma, akanitazama. "Umerudi na karatasi ile ile?" Sheria ni sheria, nikaandika alivyosema. Kisha nikamwonyesha B pembeni, nje ya hesabu. Akaweka kidole kwenye kazi kabla sijamaliza kusoma, halafu akaniuliza kama ninaajiri.

Dada Sumayya, ile ya kuandika aliyekaa jirani wakati wa mahojiano niweke kama safu moja ya ndiyo na hapana, au niandike na cheo chake?

Mama_Sumayya

Na cheo. Na kama alikunywa soda.