Utani wa kabila na rangi jukwaani: ni utani kweli?

Mwalimu wa Mwanakwerekwe ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wiki iliyopita nilihudhuria onyesho la vichekesho katika ukumbi mmoja hapa mjini Unguja, nikiwa na mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Tabora, ambaye anasomesha skuli yetu kwa mwaka wa sita sasa. Mchekeshaji alianza na Wapemba, akamwigiza mchuuzi anayehesabu chenji mara tatu kabla ya kuitoa, na ukumbi mzima, wakiwemo Wapemba waliokaa safu yetu, ulicheka mpaka machozi. Kisha akahamia kwa watu wa Bara. Aliwaita "machogo", jina la kuwadharau, akaibonyeza pua yake kwa kidole ili iwe pana, akainama kama aliyebeba mzigo mzito na kuuliza pagazi wa bwana yuko wapi. Mwenzangu alikuwa ameshika chupa ya soda. Aliiweka chini ya kiti taratibu, haijafika nusu, na akaendelea kutabasamu mpaka mwisho wa onyesho. Tabasamu lile limeninyima usingizi, kwa sababu na mimi nilikuwa nimecheka.

Nilipomweleza mmoja wa waandaaji, alinijibu kuwa huo ni utani tu, na kwamba sisi Wazanzibari ni watu mchanganyiko tuliozoea kutaniana. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: je, huo ni utani?

Babu wa Wete amejibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Si utani. Mtani ni mtu mnayejuana, na sharti lake la kwanza ni kwamba ukimtupia neno, na yeye anakutupia lake, mbele ya watu wale wale. Mjukuu humwambia babu yake kuwa amezeeka na mke atamrithi yeye, na babu humjibu kuwa meno yenyewe hajamaliza kuota. Huko Bara, Wanyamwezi wa Tabora na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, na mtani huyo huyo anayekuja msibani kumcheka maiti ndiye anayeshika kazi za mazishi. Huyo kijana wenu anamtania nani, ikiwa kipaza sauti kiko mkononi mwake peke yake na aliyetaniwa amekaa gizani?

Na hilo la pagazi limeniuma khasa, kwa sababu ni uongo unaopita kwa mgongo wa kicheko. Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyamwezi hadi pwani walikuwa, wengi wao, watu walioajiriwa kwa ujira, wakijadiliana mshahara na posho, na wasiporidhika walitua mizigo. Ile ilikuwa kazi ya kiume na ya heshima kwao. Kuifanya alama ya utumwa ni kuwadhulumu waliokufa na walio hai.

Mimi nilikuwa mtoto wakati wa zama za siasa, ile miaka ya ushindani wa vyama hapa Zanzibar kabla ya Mapinduzi ya 1964. Majina ya kudharauliana, ya huyu kwa asili yake ya Uarabuni na ya yule kwa weusi wake, yalianza kwa kuchekwa mabarazani, na sitayarejea hapa. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68. Sisemi kwamba vichekesho ndivyo vilivyoua. Nasema kwamba nikiyasikia majina hayo yakirudi na kupigiwa makofi, mwili unanisisimka.

Msomaji wa Kikwajuni amejibu:

Shikamoo Babu. Hata huko Marekani, ambako sanaa hii ya mtu mmoja na kipaza sauti imekua zaidi, wenyewe wamehangaika na swali hili. Richard Pryor, mchekeshaji mweusi wa huko, alitoa mwaka 1974 albamu iliyobeba katika jina lake lile neno la kuwadharau watu weusi, na ikapata tuzo ya Grammy. Mwaka 1979 akatembelea Kenya. Katika onyesho lililotoka kama filamu mwaka 1982 alisimulia kwamba, akiwa amekaa hotelini, aliwatazama watu weusi wa kila namna waliomzunguka na hakumwona hata mmoja ambaye neno lile lingemstahili, na hapo akatanabahi kuwa na yeye alikuwa hajalitamka kwa wiki tatu. Aliapa kuliacha. Napenda kukumbuka kwamba ni huku kwetu Afrika Mashariki ndiko alikolitua.

Dave Chappelle, mchekeshaji mwengine mweusi wa huko, naye aliacha kipindi chake cha televisheni mwaka 2005, na baadaye akaeleza kwamba wakati wa kurikodi mchezo mmoja uliochezea dhana za rangi, Mzungu mmoja alicheka kicheko kilichomtia shaka. Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Kilichomshtua ni kutojua tena watu wanacheka nini.

Kijana wa Chake amejibu:

Mimi nachekesha, na sikubaliani na yote. Tukikatazwa kutaja asili za watu tutabaki kuzungumzia mvua na foleni za boti. Namwigiza shangazi yangu wa Micheweni kwa lafudhi yake, na yeye ndiye anayeniambia nilipokosea. Lakini pua ya mtu sijapata kuigusa, kwa sababu lafudhi na ubahili anaweza kuviacha akitaka, pua amezaliwa nayo.

Mwalimu wa Mwanakwerekwe ameandika tena:

Nawashukuru sana. Leo, wakati wa mapumziko, nilimwomba radhi mwenzangu kwa kucheka kwangu. Alinyamaza kidogo, akasema neno "machogo" amelisikia sokoni mara nyingi na hupita zake, ila safari hii alikuwa amelipa kiingilio. Kisha akaniuliza kama waandaaji huruhusu mtu yeyote kupanda jukwaani, kwa kuwa babu yake mzaa baba alikuwa hodari wa kuwatania Wazaramo na bado anayakumbuka maneno yake. Nimemwahidi kwenda kuwauliza.