Ufunguo tunao, loka haifunguliwi: wajuzi wa fomu ya mirathi P&A 80 nisaidieni

Mjukuu wa Mkomani (Leicester, kwa sasa Amu, yaani Lamu, Kenya)
Asalaam aleikum jamaa zangu. Mama ametangulia mbele ya haki mwezi wa Shaabani. Loka ya benki, kile kisanduku cha kukodi cha kuwekea vitu, ilikuwa kwa jina lake peke yake. Hukumu ya mirathi ya Kadhi tunayo, warithi wote wanne wametia sahihi, kodi ya loka imelipwa mpaka mwisho wa mwaka. Afisa wa benki ameutazama ufunguo, akaurudisha upande wetu wa kaunta kwa ncha ya kalamu: "Leteni grant iliyothibitishwa," yaani hati ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mali ya marehemu. Ndani mna hati ya nyumba na dhahabu. Swali ni moja tu: hukumu ya Kadhi yatosha kufungulia, angalau kuhesabu vilivyomo bila kutoa kitu? Ndege yangu ni Jumanne.

Mtoto wa Langoni (Muscat)
Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu mama. Kama alikuwa amekuandikia uwakala, nenda nao. Wakiona muhuri wa wakili watanyamaza.

Bi Hati (Toronto)
Inna lillahi. Mtoto wa Langoni, usimtafutie mwenzio kesi. Uwakala hufa na aliyeutoa. Tangu siku mama alipofariki karatasi ile ni ya kufungia maandazi.

Loka hufunguliwa kwa funguo mbili pamoja, wa mteja na wa benki, kwa hiyo huo mlio nao ni nusu ya mlango. Benki haina orodha ya vilivyomo na haitaki kuwa nayo. Ikimfungulia mrithi mmoja, wa pili akaja kudai bangili zimepungua, haina pa kushika. Ndipo wanapotaka karatasi ya mahakama yenye jina la msimamizi.

Njia yenyewe: P&A 80 ndiyo ombi, P&A 5 ndiyo kiapo chenye majina ya warithi na orodha ya mali. Ambatisha cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote, mabinti pia, maana barua nyingi hurudishwa kwa sababu dada aliyeolewa Zanzibar amesahauliwa. Tangazo hutoka kwenye Gazeti la Serikali, siku 30 za pingamizi. Grant ikishatoka husubiri miezi 6 kabla ya kuthibitishwa, ila mahakama ikiona sababu ya kuharakisha. Na kama haja ni kukusanya na kuhifadhi mali tu, kuna grant ya muda, ad colligenda bona, kifungu cha 67 cha Sheria ya Urithi.

Mpwa wa Shela (London)
Bi Hati, kwa heshima zako, sisi ni Waislamu. Kifungu 2(3) cha Sheria ya Urithi kimetutoa humo, na Katiba ibara ya 170(5) imempa Kadhi mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mahakama yake. P&A za nini tena?

Bi Hati
Mwanangu, ukisoma 2(3) teremka mstari mmoja usome 2(4). Ugawaji ni wa dini. Usimamizi wa mali, yaani Sehemu ya VII, watuhusu na sisi pale usipogongana na dini. Karatasi ya nani anarithi nini ni moja, ya nani anasimamia ni nyingine. Afisa ameomba ya pili.

Na kodi ya loka msiiache ikatike. Ikishaisha na miaka 2 ikapita bila mtu kudai, vilivyomo vyahesabiwa mali isiyodaiwa na kupelekwa UFAA, mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa. Huko mtaanza upya.

Fundi Sefu (Birmingham)
Shida yote hii ni kwa kupenda benki. Loka haimo hata kwenye bima ya amana: zile shilingi 500,000 za KDIC, shirika la bima ya amana la Kenya, ni za akiba ya akaunti, si za mkufu ulio kwenye kisanduku. Wekeni nyumbani, lakini wekeni sawasawa.

Visefu vya vitufe vya kilo 8 vinavyouzwa pamoja na pasi na birika, achaneni navyo. Mtu huvibeba kwapani akaenda kuvifungulia kwake. Uingereza tazama kibandiko cha ndani ya mlango. Alama za EN ni viwango vya Ulaya vya ugumu wa sefu: EN 14450 S1 bima huihesabu pauni 2,000 za pesa taslimu au 20,000 za vito. S2 ni mara mbili yake. EN 1143-1 daraja 0 ni pauni 6,000 au 60,000, daraja 1 ni 10,000 au 100,000. Hesabu hizo zasimama tu kama sefu imefungwa kwa bolti alivyoagiza mtengenezaji, na sefu yoyote iliyo chini ya kilo 1,000 lazima ifungwe. Sakafu ya mbao haishiki kitu. Tafuta zege.

Amu ni kazi nyingine kabisa. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Bolti ya kutanuka ukiikaza yalisaga jiwe, wabaki na tundu la unga mweupe na bolti yacheza kama jino bovu. Tumia bolti ya gundi ya rezini, na kabla ya kutia gundi pulizia tundu mpaka vumbi litoke lote, ama gundi itashika vumbi, si jiwe. Bora zaidi mwaga bamba la zege chini na sefu isimame hapo. Ghorofani usipandishe: dari ni ya boriti, na sefu ya kilo 300 si kitanda cha samadari.

Kosa lingine ni kununua sefu ya moto ukadhani ndiyo ya mwizi. Alama ya moto ya S60P huzuia karatasi isifike nyuzi 170 kwa saa moja, basi. Kuta zake zina kijazo chenye maji ndani yake, ndiyo yanayopoza moto. Siku za kawaida unyevu huo huvuja ndani taratibu: paspoti yaota madoa meusi, gundi ya bahasha yashikana na hati. Tia pakiti za silika za kunyonya unyevu, fungua mlango mara moja kwa wiki. Silika ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili tatu, usiitupe. Na kwa chumvi ya bahari yetu kufuli la betri halidumu, vishikio vyaota kutu ya kijani. Chukua la ufunguo.

Mpwa wa Shela
Ongeza hili. Bima nyingi za nyumba Uingereza hukata ulinzi wa wizi nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60 mfululizo. Watu huenda Amu kwa Maulidi, wakakaa na Ramadhani, dhahabu wameiacha Leicester. Wapigie simu kabla ya safari. Pia kuna kikomo cha kitu kimoja: mkufu unaozidi kikomo usipotajwa kwa jina kwenye mkataba, walipwa kikomo tu.

Mke wa Sonara (Dubai)
Na wasipoona orodha hawalipi vizuri. Kila kitu kipigwe picha mbili, moja kando ya rula, moja ya muhuri kwa karibu: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21. Pima kwa gramu, nukta moja mbele. Wazee waliandika tola, basi zidisha kwa 11.66. Bangili nene zenye utomvu ndani ziandikwe hivyo, mizani haijui kutenganisha. Lulu usizifungie kwenye plastiki. Orodha isikae ndani ya sefu ile ile!

Bi Hati
Hati na vyeti msivipeleke kulaminishwa. Unyevu hubaki ndani na muhuri wa kubonyezwa hauonekani tena, ofisi yakataa. Hati ya nyumba ikipotea ni OB ya polisi (namba ya daftari la matukio), kiapo, tangazo la Gazeti siku 60, ndipo itolewe nyingine.

Mtoto wa Langoni
Bibi zetu hawakujua rezini. Dhahabu ilikuwa ndani kabisa, nyuma ya vidaka vya ukutani, na harufu ya asumini. Leo UNESCO imekuja tangu 2001, kaunti imekuja 2013, na mtu bado avuka maji mpaka Mokowe, bara, kwenye ofisi za kaunti, kufuata sahihi.

Fundi Sefu
Ni zidaka. Vidaka ni vya Mombasa. Na hapo nyuma ya zidaka ndipo mahali pa kwanza mwizi wa mji kutia mkono.

Mjukuu wa Mkomani
Ahsanteni kwa darsa la sefu. Hukumu ya Kadhi, kwa kuhesabu tu, wamekubali popote au hawakubali? Leo ni Ijumaa.

Mtoto wa Langoni
Kwani wapitia Muscat? Kama begi lina nafasi, kilo moja ya halua ya Amu, nitakulipa.