Mizabibu ya mvinyo Rongai: inachipua nchani tu, na vichala vinaoza

Mwana_Rongai
Wadau, nina robo ekari ya zabibu za mvinyo, aina za Chenin Blanc na Syrah, hapa Rongai, Nakuru, mwaka wa tatu sasa. Nafasi ni mita 2.5 kwa 1.5. Nikipogoa, macho (vitumba vya kuchipua) mawili ya mwisho wa tawi ndiyo yanachipua, mengine yanalala tu. Tena nilipogoa Januari, zabibu zikaanza kulainika mwishoni mwa Mei, na nusu ya vichala vikaoza kabla ya kukolea sukari. Nasikia Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Huku nipogoe lini, na vipi?

Mkasi_Mkali
Achana na kalenda ya Dodoma. Kule ni mita 1,100 hivi juu ya bahari, joto, mvua kama milimita 570 kwa mwaka na kiangazi cha miezi kadhaa mfululizo. Nakuru mjini ni mita 1,850 hivi na usiku ni baridi, kwa hivyo toka kupogoa hadi kuvuna hesabu karibu miezi mitano. Ukipogoa Januari, masika yanakuta maua na tunda changa, na kuiva kunaangukia unyevu.

Hesabu kinyumenyume. Kiangazi chetu cha kutegemewa ni kati ya Desemba na mwanzo wa Machi. Unataka kuvuna Februari, basi pogoa nusu ya kwanza ya Septemba. Maua yatakuta mvua za vuli, lakini hizo ni nyepesi kuliko masika na dawa inazimudu. Vuna mara moja kwa mwaka. Baada ya mavuno tunza majani hadi Juni, maana ndiyo yanayojaza akiba kwenye shina na mizizi, na vishada vya maua vikitokea wakati huo ving'oe.

Kuhusu macho kulala: mzabibu umezoea baridi ya kuupukutisha majani yote, kisha macho yanaamka pamoja. Huku baridi hiyo haipo, na jicho la nchani linayabana yaliyo nyuma yake. Funga dripu (maji ya matone) wiki tatu kabla ya kupogoa (mvua ya Agosti itakusumbua, lakini funga tu), na wiki mbili kabla nyonyoa majani kwa mkono. Halafu usiache matawi marefu. Kwenye mikono miwili iliyolala juu ya waya acha vishina (vipande vifupi vya tawi) 10 hadi 12 kwa kila mmea, kila kimoja macho mawili, vikiachana sentimita 12 hivi. Chenin Blanc na Syrah huzaa hata kwenye macho ya chini, kwa hiyo hupotezi kitu. Aina ya Sultana haikubali hivyo, hiyo inataka tawi refu.

Macho yakizidi kugoma, kuna dawa ya kuyaamsha, sayanamidi ya haidrojeni, ndani ya saa 48 baada ya kupogoa, ukipaka macho kwa brashi. Bidhaa ya asilimia 50 hutumika mililita 30 hadi 50 kwa lita ya maji. Lebo ikisema tofauti, fuata lebo. Glavu, miwani na barakoa ni lazima. Na pombe ni mwiko siku kadhaa kabla na baada, kwani pamoja na dawa hiyo inaweza kukulaza hospitali. Kwa mkulima wa mvinyo hilo ni gumu, najua.

Jani_Kijani
Kuhusu vichala kuoza: kabla hujanunua dawa, jua ni ukungu upi. Madoa ya njano kama mafuta juu ya jani na manyoya meupe chini yake: huo hupenda mvua, na huzuiwa kwa dawa ya shaba au mankozebu ukinyunyiza *kabla* ya mvua. Vumbi kama majivu juu ya jani na tunda, punje zikipasuka: huo haungoji mvua, tumia sulfa, ila si jua likipita nyuzi 32, itachoma majani. Ukungu wa kijivu unaoozesha katikati ya kichala hutokana na msongamano.

Huo wa tatu dawa peke yake haimalizi. Punje zikifika ukubwa wa ndengu, ondoa majani matatu au manne yanayozunguka kichala, upande wa jua la asubuhi tu. La alasiri linababua.

Mwana_Rongai
Asanteni sana. Maji yangu ni ya kisima, yana ladha ya chumvi. Na nitajuaje zimeiva?

Mkasi_Mkali
Maji yapime kwanza. Chumvi ikipita 1 dS/m (kipimo cha chumvi kwenye maji) mzabibu unaanza kupunguza mavuno, na kingo za majani huungua. Visima vingi vya Nakuru vina sodiamu na floridi, kwa hiyo vuna maji ya mvua uchanganye.

Kuiva usiangalie rangi. Chuma punje 100 toka mistari tofauti, pande zote mbili za mmea, kamua, pima kwa refraktometa, kifaa cha kupima sukari kwa briksi: Chenin briksi 21 hadi 22, Syrah 23 hadi 24. Kila gramu 17 za sukari kwa lita hutoa takriban asilimia moja ya pombe. Pima na pH (kipimo cha uchachu), uvune kabla haijapita 3.5.

Nyanza_Shamba
Na sisi wa Kisumu?

Jani_Kijani
Kisumu joto lipo, ila mvua ni nyingi na unyevu wa ziwa hautoki. Bila paa la nailoni juu ya mistari utanyunyiza kila wiki. Kama una ndugu mwenye shamba Naivasha, zinakolimwa zabibu za mvinyo wa Leleshwa, panda huko.